Mchoro Wangu Ulianza Kujichora Wenyewe Ukutani

Siku ya tatu ya maonyesho niliingia galari nikakuta mchoro wangu una mstari ambao sikuuchora mimi.

Si mkwaruzo. Si doa. Mstari.

Ulianzia juu kushoto ukashuka huku ukijipindapinda mpaka katikati, kama mto unavyoonekana ukiwa ndani ya ndege.

Nikasimama pale na kikombe changu cha chai, najiuliza, hivi niliuchora huu nikasahau?

Hapana. Mchoro ule nilikaa nao miezi minne. Naujua kuliko ninavyoujua uso wangu.

Ngoja nianze mwanzo ili twende sawa.

Naitwa Kinasih, nyumbani wananiita Asih. Naishi Yogyakarta, upande wa kusini, na mama yangu anayeuza mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga pale sokoni. Mji wetu umejaa wachoraji mpaka fundi pikipiki anakuuliza unatumia rangi za aina gani.

Michoro yangu haina watu wala milima. Nabandika trei za mayai, magazeti, madaftari ya zamani, vipande vya gunia. Gundi yangu ni uji mzito wa unga wa muhogo. Juu yake namwaga rangi, nakwaruza, namwaga tena. Ukiniuliza ni picha ya nini, nitakwambia ni ya hicho unachokiona.

Mama hii kazi hakuwahi kuielewa.

"Asih, hiki ni nini?"

"Ni mvua ya kwanza, Mama."

"Mvua iko wapi?"

"Si mvua yenyewe. Ni ile hali."

"Hali ya nani?"

"Mama, tuache tu."

"Nimeacha. Ila mwenye mayai anadai trei zake."

Nilihangaika hivyo miaka minane.

Maonyesho yangu ya kwanza yalikuwa kwenye mgahawa wa tambi. Mvuke wa supu ukabandua nusu ya mchoro, mteja mmoja akauliza kama ukuta unafanyiwa ukarabati. Ya pili yalikuwa ukumbi wa kijiji, siku ambayo watoto walikuwa wanachanjwa. Watu walikuja wengi kweli, lakini si kwa ajili yangu.

Kisha daktari wa meno akanunua mchoro mmoja akautundika mbele ya kile kiti chake. Alisema wagonjwa wakiukodolea macho wanasahau meno.

Na hapo ndipo bahati yangu ilipotokea, kwa sababu Bi Widuri aliumwa jino.

Bi Widuri ndiye mwenye galari kubwa kuliko zote upande wetu. Kuta nyeupe, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kukanyaga. Mchoraji akishatundikwa pale, kesho yupo Jakarta, keshokutwa Singapuri. Alikuwa anaandaa maonyesho ya wachoraji watano, wa tano akajitoa dakika za mwisho. Bi Widuri yupo kwenye kiti cha meno, mdomo wazi, akauona mchoro wangu.

Kesho yake gari likasimama nje kwetu.

"Wewe ndiye Kinasih?"

"Ndiye mimi."

"Una kitu kikubwa?"

Nikamwonyesha ule niliouita Mvua ya Kwanza. Mita mbili kwa mita mbili, ulikuwa umeegemea kabati la vyombo. Aliuzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Ulete Alhamisi," akasema. "Na wewe uje umevaa viatu."

Nikaangalia ndala zangu. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Kati ya wale watano, nyota alikuwa Mzee Prawoto. Ana miaka sabini na tisa, sikio moja halisikii, mikono inatetemeka, lakini akigusa turubai watu wananyamaza. Mimi nimekua nikikata picha zake kwenye magazeti. Sasa nimewekwa naye chumba kimoja. Nilikosa usingizi kwa furaha.

Kulikuwa na mchoro wake mmoja mdogo, ukubwa wa sinia tu, ulitundikwa jirani kabisa na wangu. Alikuwa amebandika vipande vya batiki ya kahawia, akavipaka rangi nyembamba kama moshi.

"Huu hauuzwi," aliniambia siku ile fundi alipokuwa anatundika. "Hii batiki ni ya marehemu mke wangu. Alikuwa akiivaa asubuhi, akifagia uwanja."

Nikasema, "Pole, Mzee."

"Pole ya nini? Alikuwa anafagia vibaya kweli." Akanipa karanga za kuchemsha kutoka mfukoni.

Tulitundika siku tisa kabla ya ufunguzi. Ukuta wangu ulikuwa wa nyuma kabisa, kwenye njia ya kwenda chooni. Siku ya ufunguzi watu wengi waliuona mchoro wangu, lakini kwa haraka haraka.

Sikulalamika. Mtu unayetoka kwenye mgahawa wa tambi huchagui ukuta.

Basi siku ya tatu ndiyo nikaukuta ule mstari.

Nikamwita Bi Widuri. Akaja, akatazama, hakushtuka hata kidogo.

"Unyevu," akasema. "Si unaona mvua zinavyonyesha? Usiuguse."

"Lakini Bi Widuri, umeingia ndani. Kama rangi imebonyea."

"Kinasih, nina galari miaka ishirini na moja. Nimesema unyevu."

Nikarudi kwenye chai yangu.

Siku ya tano mstari ukaota matawi. Matatu. Moja likaelekea kulia, likazunguka doa langu la kijivu kama vile linaliogopa.

Kumbe kulikuwa na msichana wa chuo ambaye kila siku anapita pale kupiga picha. Akazipanga picha zake, Jumamosi, Jumatatu, Jumatano, akaziweka mtandaoni. Akaandika maneno machache tu: mchoro huu unakua.

Jamani.

Ilipofika Jumamosi, siku ya nane, kulikuwa na foleni mpaka nje kwenye maegesho. Watu wanapita mbele ya mabingwa wanne bila kugeuka, wanakuja moja kwa moja njia ya chooni. Bibi mmoja alileta maua kwenye kikapu kidogo cha majani, akayaweka chini ya mchoro, akafumba macho. Mwingine akaniuliza kama nilifunga kabla ya kuuchora. Nikamwambia nilikula wali na tempe ya soya kama kawaida, akaguna kama mtu anayejua kuwa anafichwa jambo.

Mwandishi wa gazeti akaja na kinasa sauti.

"Umewezaje kufanya mchoro uendelee baada ya wewe kuumaliza?"

Hapo ndugu zangu nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno moja tu.

Nikaangalia pembeni kama mtu mwenye mawazo mazito, nikasema, "Mimi naanza. Vitu vyenyewe vinamalizia."

Akaandika haraka haraka. Nami nikajisikia msanii wa kweli.

Kichwa kikavimba. Nikaanza kutembea polepole mle galari. Nikanunua shali nyeusi. Mtu akiniuliza saa, nafikiri kwanza ndiyo najibu.

Jumatatu Bi Widuri akaniita ofisini. Nilikuwa sijawahi kukaribishwa mle. Akanimiminia chai mwenyewe.

"Ijumaa anakuja Bwana Gunadi kutoka Semarang," akasema. "Unamjua?"

Nani asiyemjua. Tajiri wa samani, anayenunua michoro kama wengine wanavyonunua viazi. Akikununua yeye, galari zote zinapiga simu.

"Anautaka wako. Na ana jengo Jakarta, anataka kulifungua kwa maonyesho ya mtu mmoja." Akanisogezea kisahani cha biskuti. "Mtu huyo anaweza kuwa wewe."

Nikala biskuti tatu bila kujua.

Jumanne nikamleta Mama. Nilitaka aone foleni. Nilitaka aone maua. Kwa miaka minane ameniuliza hiki ni nini, nikasema leo watu watamjibu.

Mama akajipenyeza kati ya watu na mkoba wake wa sokoni, akafika mbele. Akautazama mchoro. Akainamisha kichwa. Akanusa.

Kisha akanyoosha mkono akaugonga kwa kifundo cha kidole, kama anagonga papai.

"Mama, usiguse."

"Asih," akasema kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ni sauti ya kuitia wateja. "Huu una mchwa."

Nikamshika mkono nikamvuta pembeni huku natabasamu kwa watu.

"Mama, nyamaza."

"Ukuta wa jiko letu si ulianza hivihivi? Weka sikio usikie."

"Ni unyevu. Mwenye galari kasema."

"Mwenye galari amewahi kuishi nyumba ya mianzi?"

Nikamtafutia usafiri nikamrudisha nyumbani. Akiwa anapanda akasema, "Mimi sijasoma mambo yenu. Mchwa nawajua." Akaondoka.

Watu walipopungua kidogo mchana, nikarudi mbele ya mchoro wangu. Nikaweka sikio.

Kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia. Sauti ndogo, kavu, kama mtu anatafuna wali mkavu chumba cha pili.

Nikabonyeza kwa dole gumba, taratibu.

Dole likaingia lote.

Ndani kulikuwa kutupu. Trei za mayai hazipo. Madaftari hayapo. Gunia halipo. Kilichobaki ni ngozi ya rangi tu, na kwenye tundu lile kakajitokeza kamdudu keupe kakawa kanachezesha kichwa kama kananiuliza nataka nini.

Mto wangu mtukufu ulikuwa njia ya mchwa. Pale walipokula, rangi ikabonyea. Basi. Hakuna hali wala nini.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana si cha kujivunia.

Nilitoa tishu kwenye mkoba, nikaikunja, nikaziba tundu. Nikatoa kichupa cha rangi ya kijivu ninachotembea nacho, nikapaka juu. Nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia kama inaonekana.

Haionekani.

Nikauchuna, sikumwambia mtu.

Nilijiambia ni siku tatu tu. Ijumaa Bwana Gunadi anakuja, ananunua, jengo la Jakarta linafunguliwa, kisha nitamweleza kwa utaratibu na kumchorea mwingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mpangilio mzuri.

Jumatano Mzee Prawoto alinikuta nimesimama pale.

"Mwanangu, umepungua."

"Ni kazi, Mzee."

"Umaarufu huo. Unakula mtu." Akacheka kwa utani wake, akanipa karanga. Mimi neno lile kula likanifanya nitupie jicho pale nilipoziba.

Alhamisi nikaona chembe za udongo sakafuni, kwenye pembe ya chini ya mchoro wangu, upande wa kulia. Upande wa Mzee. Nikazifuta kwa kiatu.

Usiku ule niliota nafagia uwanja na mchanga hauishi.

Ijumaa galari ilijaa. Bwana Gunadi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, shati la mikono mirefu, mpole kuliko nilivyotegemea. Alitembea akiwa amefunga mikono nyuma. Bi Widuri pembeni yake anazungumza bila kupumua. Mimi nyuma, na shali yangu. Nyuma yetu waandishi, wachoraji wenzangu, msichana wa chuo na simu yake, kama watu thelathini hivi. Mzee Prawoto alikuwa ameketi kwenye benchi.

Bwana Gunadi akasimama mbele ya Mvua ya Kwanza muda mrefu.

"Nimeona michoro mingi," akasema. "Huu unanifanya nihisi kama mimi ndiye ninayeangaliwa."

Nikawaza, na kweli wanakuangalia.

"Nauchukua," akasema. "Na Jakarta tutaanza na wewe. Mwezi wa nane unakufaa?"

Watu wakapiga makofi. Bi Widuri akanishika bega, kucha zake nikazisikia mpaka kwenye mfupa.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo. Nakumbuka kabisa, hata ulimi ulikuwa tayari.

Ila macho yakakimbilia pembeni.

Kutoka kwenye ukingo wa mchoro wangu ulikuwa umetoka mrija mwembamba wa udongo, upana wa kamba ya kiatu. Asubuhi haukuwepo, au ulikuwepo sikutaka kuuona. Ulikuwa umevuka ukuta mweupe. Umefika kwenye fremu ya Mzee Prawoto. Umeingia chini ya kioo.

Pembe ya chini ya ile batiki ya kahawia ilikuwa imeanza kuwa nyepesi, kama nguo iliyofuliwa mno.

Sikufikiri. Niliruka, nikaung'oa mchoro mdogo ukutani kwa mikono miwili, nikaukumbatia.

"Ni mchwa," nikasema.

Simu ya yule msichana wa chuo ikanigeukia, inarekodi.

"Kinasih," Bi Widuri akacheka. "Bwana Gunadi, hawa wasanii wana utani."

"Si utani. Mchoro wangu umejaa mchwa. Huo mto ni njia zao. Sikuuchora, na wala hauna maajabu. Nimejua tangu Jumanne, nikanyamaza."

Nilipomaliza kusema hivyo sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

Bwana Gunadi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Uteremsheni tuone," akasema.

Fundi wa galari, mzee mmoja mtaratibu anaitwa Ngatijo, akaja na ngazi. Wakashika watu wanne, wakauinua, wakaugeuza.

Nyuma kulikuwa kweupe. Kunatembea.

Mwandishi wa gazeti alipanda juu ya benchi na viatu vyake. Mchoraji mmoja mwenye mwili mkubwa, mtu wa mapanga na damu kwenye michoro yake, alitoka nje mbio na hakurudi siku ile.

Lakini mimi sikuwa naangalia mchwa. Nilikuwa naangalia ukuta.

Pale nyuma ya mchoro palikuwa na viraka vya sementi. Vitatu. Kila kimoja kimepakwa rangi nyeupe yake tofauti, kipya, cha zamani kidogo, cha zamani zaidi. Na katikati ya kile kipya palikuwa na tundu, wanatoka hapo mmoja mmoja, hawana haraka.

Mchwa hawakutoka kwangu. Walikuwa wenyeji. Mimi ndiye niliyeletwa.

"Bi Widuri," Ngatijo akasema kutoka juu ya ngazi. "Mimi nilisema."

"Ngatijo, kalete ufagio."

"Nilisema mwaka juzi. Nikasema na mwaka jana. Ukuta huu una mchwa mpaka kwenye msingi, lazima uvunjwe. Ukasema tuzibe, na hapa tuwe tunaweka wageni."

Hakuna aliyeuliza wageni ni akina nani. Mgeni alikuwa amesimama pale na shali.

Bi Widuri alitengeneza nywele zake, akatembea kuelekea ofisini, tukasikia mlango unafungwa taratibu.

Bwana Gunadi akanigeukia. "Dada, nyumba yangu yote ni mbao. Kuna kabati la babu yangu mle. Siwezi." Akanipa mkono. "Umefanya vizuri kusema. Ungesema Jumanne ingekuwa vizuri zaidi."

Akaondoka. Jakarta ikaondoka naye.

Nikaenda kwenye benchi, nikapiga magoti, nikampa Mzee Prawoto mchoro wake. Aliusogeza karibu na macho. Kipande cha upana wa vidole viwili kilikuwa kimeliwa.

"Nisamehe, Mzee. Nilijua tangu Jumanne."

Alihesabu kwa vidole vinavyotetemeka. "Jumanne, Jumatano, Alhamisi."

"Ndiyo."

"Jumatano nilikupa karanga."

Nikalia. Hakunibembeleza na wala hakunifokea. Aliukumbatia mchoro wake akatoka.

Ngatijo ndiye aliyenisaidia kupakia mabaki ya mchoro wangu kwenye mkokoteni. Akawa anafunga kamba, ananiambia kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Unajua Mzee alipangiwa ukuta wa mbele? Michoro yake yote sita."

"Sasa huu mdogo ulifikaje kwangu?"

"Aliomba mwenyewe. Alisema, yule binti wamemweka njia ya chooni, hakuna atakayemwona. Weka wangu pale, watu wakija kuutafuta shingo zitageuka."

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi za galari.

Mtandaoni walinimaliza. Dada Mchwa, Mama Kichuguu, kuna mtu alitengeneza picha yangu nimevaa taji nimezungukwa na wadudu. Hiyo ya mwisho ilikuwa nzuri, nilimwambia.

Wiki moja baadaye Mama akafunga chakula kwenye majani, akanisukuma mlangoni. "Nenda kwa yule mzee. Usiseme maneno mengi. Mpe chakula."

Nikamkuta barazani kwake, mchoro upo mezani.

"Sitakwambia haikuniuma," akasema kabla sijasalimia.

"Najua, Mzee."

"Nilikaa siku mbili nimekukasirikia kweli. Siku ya tatu nikachoka." Akanisogezea kiti. "Kaa. Mikono yangu haitulii. Nishikie hii pembe."

Nikashika. Alikuwa ameukata ukingo ulioliwa ukawa safi, anaupaka rangi nyekundu ya udongo pale kitambaa kilipoishia. Tulifanya kazi mpaka chakula kikapoa.

Nilifikiri hadithi imeishia hapo. Kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa inapanda basi kutoka mji wa Klaten.

Kabla hajapanda hilo basi nilipata ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua.

"Dada, samahani. Naitwa Palupi. Nimeona video yako. Ule ukuta wenye viraka, ni wa nyuma, njia ya chooni?"

Nikajibu ndiyo.

Akakaa muda mrefu anaandika, anafuta, anaandika.

"Mwaka juzi nilikuwa hapo mimi. Mchoro wangu ulianguka wenyewe siku ya sita. Bi Widuri aliniambia gundi yangu mbovu, nimemchafulia jina, nisirudi. Nikaamini. Nina watoto wawili, nikasema sitapoteza tena muda wa watoto wangu kwa kitu nisichokiweza. Nikachoma brashi zangu zote nikafungua kibanda cha tambi."

Na chini yake: "Kwa hiyo gundi yangu haikuwa mbovu?"

Nilisoma sentensi ile nikiwa nimesimama sokoni kati ya mafungu ya mchicha. Mwanamke mzima, miaka miwili anaishi na kosa ambalo si lake, kwa sababu kila aliyejua alinyamaza. Na mimi nilikuwa nimebakiza neno moja tu niwe mmoja wao. Ningesema ndiyo siku ile, ukuta ungezibwa kiraka cha nne, na mwakani angewekwa mgeni mwingine.

Nikampigia. "Palupi, njoo kwetu. Gundi yako ilikuwa nzuri. Mchwa ndio wanaojua, waliipenda."

Alicheka huku analia. Akaja Jumapili na basi, amebeba tambi.

Mwezi uliofuata mama mmoja mwenye galari ndogo mjini Bandung akanipigia. Sikuamini, nikamuuliza kama ameona ile video.

"Ndiyo maana nakupigia," akasema. "Wachoraji wazuri ninao. Namtafuta ambaye kitu kikiharibika ataniambia."

"Mimi nilichelewa siku tatu."

"Najua. Nafikiri hutachelewa tena."

Akaniambia ana nafasi mbili. Nikamwambia namjua wa pili.

Palupi alisema hawezi, mikono imeshasahau, tena hana hata brashi. Mama akamwambia achore kwa kijiko. Alichora kwa kijiko. Na uma. Na kile chombo cha kuchujia tambi, ambacho kinatoa alama nzuri ajabu, mimi mwenyewe nilimuonea wivu.

Sasa mnataka kujua Bandung ilikuwaje.

Siku ya ufunguzi mchoro wa Palupi ulichukuliwa ndani ya saa moja. Wa kwangu ulirudi nyumbani kwenye basi, umekaa kiti cha dirishani. Nikafurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuuza, na nilipomwambia hivyo Palupi alinijibu kwamba nitafurahi nikiwa naosha vyombo vya kibanda chake, maana yeye anaenda kuchora.

Baada ya Bandung nikaitwa Penang. Mwakani, Mungu akipenda, ni Manila. Polepole, kwa ukubwa wangu. Kila galari ninayoingia, kabla ya kutundika chochote, nawaomba waniruhusu nigonge ukuta kwanza. Wananishangaa. Nagonga tu.

Nawaachia hili wasomaji wangu. Siku ile ya Jumanne nilidhani ninachokificha ni aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo ni haki yangu kukificha. Haikuwa hivyo. Upande mmoja wa kimya changu kulikuwa na mzee aliyenipa nafasi yake, upande wa pili kulikuwa na mwanamke Klaten ambaye sikuwahi hata kumsikia jina. Ukiona kitu kinaharibika, sema leo. Hujui nani amelala jirani na ukuta huo.